Kikapu cha Adelina

Kioo cha ngozi kiliwekwa kwenye geti la kiwanda cha chai cha Nyalumbwe mwaka uleule walipoondoa vidonge vya virusi, na tangu siku hiyo hakuna mchuma chai aliyepita pale bila kuvua kitenge mabegani, hata ukungu uwe umeshuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Unasimama juu ya bati, unanyoosha mikono kama unayepekuliwa na polisi, kioo kinakulamba kwa mwanga wa zambarau, halafu kinakutangazia hali yako kwa sauti ya mwanamke mpole ambaye hayupo. Damu hakikuigusa. Kilisoma ngozi tu. Wakubwa wa Mamlaka ya Vinasaba, huko mjini wanakokaa, walishajua kwamba mwenye virusi ngozi yake husema kabla ya mdomo wake. Kinga ikishuka, mbu mmoja akiuma kiwiko, mwili mzima unapiga kelele.

Asubuhi ile Obadia Nyagawa alikuwa amekabidhi zamu yake ya boila. Alisimama upande wa ndani wa geti, masizi yamemkaa mpaka kwenye nyusi, akimngoja binti yake apite.

"Oresta Nyagawa," kioo kikasema. "Kadi namba mia nne na kumi na moja. Vipele vya kuwasha, mikono na miguu, mia mbili na sita. Kinga iko chini. Kuchuma kumesitishwa. Punje leo, saa sita."

"Mia mbili na sita!" Oresta akashuka kwenye bati akijikuna shingo. "Kimenipunja. Cha mgongoni hata kimoja hakijahesabiwa."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Falesi Mwalongo, nyapara wao, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akadakia, "Kiambie kikukune basi, si kina mikono mirefu!"

Obadia hakucheka. Lile neno, punje leo, alilisikia mwaka jana pale pale, likisemwa na sauti ileile, kwa mkewe.

Punje yenyewe ni kitu cha kuchekesha ukiiona. Ni ndogo kama chenga ya mchele, nyeupe, unapigwa nayo chini ya ngozi ya bega kwa bastola inayolia kama ya fundi viatu. Inayeyuka taratibu miaka mitano, inavifunga virusi, inaiamsha kinga, na mtu anasahau kama aliwahi kumeza kidonge. Kuitoa haiwezekani. Ikishaingia imeingia, inakuwa nyama yako. Obadia mwenyewe alikuwa nayo begani, mwaka wa pili sasa, na haijamwasha hata siku moja.

Melania, mke wake, ilimchukua siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja aliamka na homa na midomo imevimba. Ya kumi na mbili malengelenge yakatoka kifuani. Ya kumi na nne Obadia alimgeuza kitandani ili abadilishe shuka, na ngozi ya mgongo ikabaki kwenye shuka, yote, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Alikufa macho yamegandana, anaomba maji ambayo koo halikuweza kuyapitisha.

Na wakubwa walisemaje? Walisema kadi yake inaonyesha salama. Kwa hiyo kilichomuua ni kitu kingine.

*

Kambi ya wachuma chai ya Nyalumbwe ilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo haikuandikwa popote. Mchumaji akifa, siku ya tatu baada ya maziko wanawake wanakusanyika mlangoni kwake, wanamchagua ndugu mmoja wa marehemu, dada au wifi au binti, wanamfunga aproni ya marehemu kiunoni, wanamtwika kikapu chake mgongoni na kumpa kadi yake mkononi. Wanaita kumvika kikapu. Kesho yake yule aliyevikwa anaingia shambani na anaitikia jina la aliyekufa. Nyumba inabaki, kazi inabaki, watoto wanakula. Ofisi haijui, au inajua na inaangalia pembeni, maana chai haichumwi na majina.

Mashine za vidole zingewakamata siku ya kwanza tu. Lakini mashine zililetwa zikashindwa: utomvu wa chai na kukwanyua majani kumekula vidole vya wanawake wale mpaka vimekuwa laini kama kijiko. Kila wakiviweka, taa nyekundu. Wakubwa wakachoka, wakaamuru namba ya kadi itoshe.

Namba ikatosha. Na kwenye ile namba, miaka kumi na minne iliyopita, wakaandika vinasaba.

Lilikuja gari wanaloliita Msomaji. Kila mchumaji akatema mate kwenye kichupa, Msomaji akasoma alama za urithi wake, zikaingizwa kwenye kadi ili siku dawa mpya zikija ijulikane nani anazifaa na nani zitamdhuru. Kisha gari likaondoka, na halikurudi tena. Kusoma mara moja kunatosha, walisema, damu ya mtu haibadiliki.

Na kweli haibadiliki. Ila Msomaji alimsoma Adelina Mgaya, dada mkubwa wa Melania. Mwaka mmoja baadaye Adelina akafa kwa homa ya mapafu, na aliyevikwa kikapu chake ni Melania, aliyekuwa kwao kijijini wakati gari linapita. Aliyemleta Melania kwa basi, akamfunga ile aproni yeye mwenyewe kwa mikono yake kwa sababu wanawake walikaza vibaya, alikuwa Obadia.

Alikuja kuelewa miezi mitatu baada ya maziko ya mkewe, siku alipojibiwa lalamiko lake la kwanza. Aliisoma ile barua silabi kwa silabi, elimu yake ya darasa la nne ikimkwamisha kila mstari. *Vinasaba vya marehemu vilisomwa tarehe nane Aprili na kuthibitishwa kuwa salama.* Aliutazama mwaka ulioandikwa mbele ya tarehe. Akahesabu kwa vidole. Mwaka huo Melania alikuwa kwao, Oresta ana miaka mitano, hata chai hajawahi kuigusa. Obadia akaikunja barua, akaichomeka chini ya godoro, akaendelea kulalamika. Aliandika malalamiko mengine matano. Kila moja likiwalaani wakubwa zaidi ya lililotangulia, na ndani ya kila moja lile neno la kikapu halikuwemo.

Sasa kikapu alivikwa Oresta. Safari hii ofisi yenyewe ilibariki, maana wakubwa walikuwa wamepitisha utaratibu mpya wa kubana matumizi: mtoto hurithi damu ya mama, kwa hiyo na arithi kadi pamoja na usomaji wake. Ukimuuliza mfugaji yeyote wa mbuzi atakuambia mtoto anachukua nusu tu kwa mama. Lakini wafugaji hawakuulizwa.

*

"Kaa chini," Obadia alimwambia bintiye walipofika nyumbani.

"Baba, nikikaa nawashwa zaidi." Oresta alisimama mlangoni akijisugua mgongo kwenye mwimo kama ndama. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, na virusi alizaliwa navyo. Vipele vilikuwa vimemjaa mpaka kwenye viganja, vingine vimekuwa makovu meusi, vingine vibichi. "Sema tu. Nikipigwa hiyo punje nitalala usingizi, angalau wiki moja nilale kama watu."

Akamwambia. Alianza na barua, akarudi kwenye aproni, akaruka mpaka kwenye mgongo wa Melania, akarudi tena kwenye tarehe. Oresta alikuwa anajua kwamba mama yake kazini aliitwa Adelina. Kila mtoto wa kambi anajua mama ana majina mawili. Hakujua kwamba lile jina la kazini limebeba damu ya Adelina mwenyewe.

Akaacha kujisugua.

"Kwa hiyo aliyekufa ni mama, na aliyesomwa ni mama mkubwa."

"Ndiyo."

"Na leo saa sita mimi napigwa kwa usomaji wa mama mkubwa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Umejua lini?"

Obadia akaangalia kikapu kilichoning'inia juu ya kitanda. "Miezi tisa."

Oresta alichukua kitenge chake, akajifunika mabega, akasema, "Twende kwa Sista Chengula. Wewe ndiye utakayeongea. Mimi nitakuwa najikuna."

*

Sista Chengula alikuwa nesi wa zahanati ya kambi, mwanamke mkavu, wa maneno machache, aliyezoea kufokewa na Obadia. Mara ya mwisho alimwita mchinjaji mbele ya wagonjwa. Safari hii alipomwona amevua kofia, akafunga mlango.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua mfuniko wa chupa na punje ya mahindi iliyokuwa mezani, mabaki ya kifungua kinywa.

"Tazama, baba. Mwili una askari. Na kila chembe ya mwili ina kama kisahani mlangoni, inawawekea askari vitu wavikague. Umbo la kisahani umelirithi kwa wazazi wako, kimoja kwa baba, kimoja kwa mama. Kwa watu wengi punje ikipita haikai kwenye kisahani. Inateleza." Akaiviringisha ile punje ya mahindi juu ya mfuniko, ikaanguka. "Wapo wachache wenye kisahani cha umbo fulani, punje inatulia humo kama yai kwenye kiota. Askari wanaiona, wanadhani mwenye nyumba ndiye adui. Wanaanza kuchoma. Na wanaanzia kwenye ngozi."

"Melania alikuwa nacho."

"Sikumsoma. Ila kwa alivyobabuka, alikuwa nacho. Na kama alikuwa nacho kimoja, Oresta anaweza kuwa amekichukua au hakukichukua. Nusu kwa nusu."

Obadia akaegemea meza kwa mikono miwili. "Basi mpake kidogo tu. Saga hiyo punje, mpake mkononi kesho tuone kama patavimba. Hata kuku tunamwonjesha chakula kidogo kabla ya kumwaga gunia."

"Naweza kumpaka. Mkono utanyamaza, na utatudanganya." Sista Chengula akamshika Oresta kiganja, akakigeuza juu. "Hivi vipele ni vya askari wachache walioishiwa nidhamu, wanarusha risasi kwa kila mbu. Wale wakubwa, wanaoitambua punje, wamelala. Punje yenyewe ndiyo inayowaamsha. Siku ya kumi, siku ya kumi na moja, wanaamka wengi, wana nguvu, na jambo la kwanza wanaloliona ni ile punje iliyowaamsha. Wakati huo huwezi kuitoa."

Oresta akasema polepole, "Yaani ikianza kunisaidia ndipo inaniua."

"Na nisipompeleka?" Obadia akauliza. "Nikimrudisha nyumbani nikafunga mlango?"

"Vidonge havipo tena, baba. Unajua. Kwa kinga hii ana miezi sita. Minane akila vizuri." Akakohoa. "Mratibu wa Mamlaka yuko hapo nje na anayo mashine ndogo ya kusoma, kwenye begi. Ya kuwasoma waajiriwa wapya. Kadi iliyokwisha kusomwa hairuhusiwi kusomwa tena, isipokuwa ithibitike kwamba usomaji wa kwanza ulikuwa wa mtu mwingine."

"Ithibitike vipi?"

"Mtu akiri. Kwa kidole." Nesi akawa anaangalia dirishani. "Na mimi sijakuambia kitu."

*

Nje ya zahanati foleni ya punje ilikuwa imeshajipanga kwenye nyasi, wanawake arobaini na kitu, wamekunja mikono ya magauni mpaka mabegani, wanataniana. Falesi alimwona Obadia usoni, akatoka kwenye nafasi yake, akamvuta nyuma ya tangi la maji.

"Baba Oresta. Unakwenda kusema."

"Ni kikapu kilichomuua Melania, Falesi. Mimi na nyie na hicho kikapu."

"Unafikiri sijui? Nilimwosha mimi." Sauti yake ya kuitia ng'ombe ilikuwa imekwisha kabisa. "Nilimwosha, ngozi ikanibaki kwenye kitambaa, nikasema moyoni, aliyesomwa ni Adelina, si huyu. Nimekaa na hilo mwaka mzima, kama wewe."

Obadia hakujua aweke wapi macho.

"Kadi yako?" akauliza.

"Ya wifi yangu. Mwaka wa sita huu. Na walioko pale kwenye nyasi, zaidi ya nusu wamevikwa. Ukisema Nyalumbwe tunavikana vikapu, wanapekua kadi zote, wanazifuta zote leo leo. Hakuna kazi, hakuna nyumba, hakuna punje. Bila punje nakufa kwa hakika, shemeji. Kwa punje nakufa kwa bahati. Niachie bahati yangu. Nina wanne na mama mkwe kipofu."

"Na wenzako wanajua?"

"Wakijua watakimbia. Wakikimbia watafia huko watakakokimbilia." Akamshika kola ya shati lenye masizi, bila hasira, kama anayemtengeneza mtoto wa shule. "Msemee mwanao. Una haki. Lakini sema umefanya peke yako. Uliiba kadi ya shemeji yako, wewe mwenyewe, kwa tamaa yako. Sisi hatukujua."

"Nimewalaani hawa watu mwaka mzima, Falesi. Nikisema hivyo nawasafisha."

"Wasafishe," Falesi akasema. "Sabuni ni ya kwako."

*

Mratibu alikuwa kijana anayeitwa Malekela, koti la mvua la bei mbaya, kishikwambi mapajani, miguu ameiweka juu ya kreti ili asiguse tope. Ndiye aliyekuja mwaka jana. Alisimama barazani kwa Obadia dakika tano, maiti ikiwa ndani.

"Kamwene, mzee Nyagawa. Lalamiko la saba hilo unaniletea?"

"Nimekuja kuyafuta yote sita."

Malekela akashusha miguu.

Obadia akasema. Alisema kama alivyoelekezwa nyuma ya tangi, na kila neno lilimkwaruza likitoka: kwamba Adelina alipokufa yeye aliificha taarifa, akamleta mkewe, akampa kadi, kwa tamaa ya nyumba na mshahara. Kwamba aliyepigwa punje mwaka jana alikuwa Melania, hakuwahi kusomwa. Kwamba binti ni wa Melania, na anaomba asomwe.

Kijana alikuwa anaandika kwa haraka, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Obadia alikitambua baadaye, kitandani: ile nafuu ya mtu aliyeondolewa jiwe kiatuni.

"Nisikilize nikusomee. *Mimi, Obadia Nyagawa, nakiri kwamba kifo cha mke wangu kimetokana na udanganyifu wangu mwenyewe, na Mamlaka haina uzembe wowote.* Weka kidole gumba hapa."

"Ongeza kwamba mashine zenu za vidole ziliwakataa wanawake na nyie mkaendelea. Ongeza kwamba mliliondoa gari. Ongeza kwamba mnampa mtoto damu nzima ya mama kama vile baba ni mti."

"Hapana nafasi ya maoni, mzee. Ni fomu."

"Nitaandika pembeni."

"Haina pembeni." Malekela akatazama saa. "Ukiweka kidole, binti anasomwa sasa hivi, kosa la mzazi halimhusu. Wewe utapisha nyumba ya kampuni Jumamosi na boila utaikabidhi. Usipoweka, foleni inaendelea, na yeye ni wa kumi na tatu."

Oresta alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya baba yake. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anajikuna. Mikono yake aliikumbatia.

"Swali la mwisho kabla ya kidole," Malekela akasema. "Wapo wengine kambini wanaotumia kadi zisizo zao?"

Foleni ilikuwa mbali kidogo, haisikii. Mtu mmoja pale alikuwa anaigiza sauti ya kioo, "Mama Kibiki, vipele sifuri, umbea mia tisa," na wenzake walikuwa wanashikana mbavu. Falesi peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Obadia, bega lake wazi, jeupe pale lisipofikiwa na jua.

Obadia alimwona kila mmoja wao kitandani, shuka zikibadilishwa. Kisha akawaona haohao barabarani, magodoro vichwani, watoto nyuma. Akatafuta moyoni mwake picha ya tatu. Haikuwepo.

"Peke yangu," akasema.

Akaweka kidole. Hakikuwahi kukwanyua chai, kilishika koleo la makaa tu maisha yake yote, mistari yake yote ipo. Kishikwambi kilikikubali mara moja, taa ya kijani.

*

Mashine ya kusoma ilikuwa na ukubwa wa redio ndogo. Oresta akatema mate kwenye kichupa, Malekela akakichomeka, mashine ikaanza kunguruma kwa muda wa kuchemsha yai. Obadia alijikuta anaomba, na hakujua anaomba nini. Kama binti hana alama, amejiuza bure. Angepigwa punje kwa kadi ile ile, angepona, na wakubwa wangebaki na doa lao. Kama anayo, Melania amerudi mle ndani ya mtoto na kile kilichomuua.

Mashine ikanyamaza. Malekela akasoma.

"Alama ipo. Punje nyeupe, marufuku."

Oresta alikaa chini kwenye tope. Hakuanguka, alikaa tu, kama aliyechoka kusimama. Baba yake akachuchumaa, akamshika kichwa, na masizi ya mikono yake yakabaki kwenye shavu la binti.

"Kwa hiyo nina miezi sita," Oresta akasema.

"Minane," Obadia akasema. "Tutakula vizuri."

"Hapana," Sista Chengula akasema.

Alikuwa ametoka ndani na sanduku la baridi. Akalifungua mezani, akanyanyua trei ya punje nyeupe, akanyanyua ya pili, na chini kabisa, imegandamana na barafu, kulikuwa na pakiti ndogo ya bluu. Ilibidi aigonge kwenye ukingo wa meza ndipo ibanduke. Plastiki yake haikuwa imewahi kufunguliwa.

"Hizi ni za wenye alama," akasema. "Kadi isipoonyesha alama, haziruhusiwi kufunguliwa. Hazitulii kwenye kile kisahani. Mpige hii."

Obadia akaitazama pakiti. Juu yake palikuwa na tarehe ya kupokelewa, na safari hii hakusoma silabi kwa silabi. Ilikuwa ya miaka miwili iliyopita.

"Zilikuwepo," akasema.

"Kumi na mbili."

"Mwaka jana. Melania alipokaa kwenye kiti hiki. Zilikuwa humu, chini ya miguu yake."

"Zilikuwepo, baba." Nesi hakukwepesha macho. "Hakuna kadi iliyowahi kuziomba."

Bastola ikalia, pa. Oresta akakunja uso, kisha akaufungua. Kumi na moja zikarudishwa kwenye barafu, trei nyeupe zikapangwa juu yake.

"Anayefuata," Malekela akaita.

Falesi akaja, akakaa, akaweka kadi ya wifi yake mezani. Kishikwambi kikasema salama. Alifumba macho kabla bastola haijamgusa, midomo inamcheza, pa, akasimama, akapita mbele ya Obadia bila kumtazama, akijibonyeza bega kwa kitambaa. Nyuma yake akaja msichana aliyevikwa kikapu Pasaka iliyopita, bado aproni inamzidi, anamwuliza nesi kama punje ikilowa mvua itaota.

Watu wakacheka. Pa.

Oresta akainuka, mkono mmoja umeshika pamba begani, mwingine umo kwenye kiganja cha baba yake. Alikuwa anaitazama foleni. Alizaliwa na virusi, lakini hakuzaliwa mjinga. Alijua nani amevikwa na nani hakuvikwa, alikuwepo kwenye milango hiyo, aliimba.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini. "Hawa wanajua?"

Obadia akafungua kinywa. Kidole chake gumba kilikuwa bado kina ubaridi wa kile kishikwambi. Alitaka kusema jambo la kumtuliza, jambo lolote, waondoke pale wakafunge vyombo, na maneno yaliyokuja yalikuja yenyewe, yamejipanga, yana adabu.

"Kadi zao zinaonyesha salama."

Aliyasikia yalipotoka. Ndiyo yaleyale yaliyosemwa barazani kwake mwaka jana, maiti ikiwa ndani, na kijana wa koti la mvua aliyekuwa na haraka.

Oresta akautoa mkono wake kwenye kiganja cha baba yake, polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejibandua kwenye kitu chenye utomvu. Nyuma yao bastola ikalia tena.